MGB yangu haichemshi tena, na rejeta sijabadilisha

Wale mliokuwa mnanambia niiuze, someni hapa. MGB yangu, ile gari ya spoti ya Kiingereza iliyokuwa ikichemsha kila siku, imepona, na dawa haikuwa rejeta mpya wala feni ya pili.

Hizi ni zile za cc 1798, zilizoundwa Abingdon, Uingereza, toka 1962 mpaka 1980. Yangu ilikuwa ikifika foleni ya Mwanakwerekwe, hapa Unguja, saa saba mchana, kaskazi imepamba moto, sindano ya joto inapanda mpaka mwisho, na hata njia nyeupe ukiikamua kidogo inachemsha. Kila fundi na lake. Mmoja kashaitoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasende rejeta mpaka injini ipate joto, ati nchi za joto haina kazi. Neno hili linaniudhi mpaka leo! Themostati ya nyuzi 82 ndo inayoipa injini joto lake la kazi, ukiitoa gari inakula mafuta bure na kama maji yamezibwa pahala itachemsha vilevile. Mwengine akataka kufungua hedi, kichwa cha injini. Rejeta ikaoshwa, kama laki mbili hivi, wapi.

Sasa fikiri, wota pampu iko mbele, silinda ya nne iko nyuma kabisa, uchafu wote unakwenda kutua kule. Na maji yetu ya visima yana chokaa, tazama birika lako tu. Ubavuni mwa bloki ya injini, kulia huku nyuma, pana koki ndogo ya kumwagia maji. Nikaifungua, rejeta imejaa, halikutoka hata tone. Hapo nikajua mchawi nshamkamata.

Koki nikaichomoa yote, nikachukua waya wa breki wa baiskeli, ncha nikaichanua nyuzi zikatawanyika, nikautia tunduni. Mwanzo unagonga pagumu. Nasokota, navuta, nasokota tena, ghafla ikaruka chembe nyeusi halafu tope zito la kutu likanimwagikia mpaka kiwikoni, wallahi nilifurahi! Nikachomeka mpira wa maji juu kwenye nyumba ya themostati, kila nikichokora linatoka jengine, mpaka maji yakaja meupe.

Themostati nikairudisha, kifuniko cha rejeta kipya, ndani kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, maji ya kisima marufuku. Juzi nimetoka Mjini mpaka Makunduchi adhuhuri, sindano katikati haitikisiki.

Unapojaza fungua na koki ya hita hewa itoke. Huku kwetu nani anawasha hita, kwa hivyo inaganda kutu, yangu niliilaza na mafuta usiku kucha ndo ikakubali kuzunguka.