Kabla ya nyama, tazama kopo la gesi
Mnaochoma nyama mezani kama Wakorea, naomba tuanze na jiko. Lile jiko dogo la gesi ya kopo huweka kopo ubavuni. Kikaango kipana kikifunika upande huo, joto hurudi chini, gesi hutanuka, na kopo linaweza kulipuka. Kikaango kisivuke ukingo wa jiko. Majiko mawili yasikae yamebanana. Dirisha liwe wazi muda wote.

Sasa nyama. Samgyeopsal, yaani "nyama ya matabaka matatu", ni ya tumbo la nguruwe. Ikatwe unene wa milimita 5 hadi 10, bila viungo. Pasha kikaango mpaka tone la maji lirukeruke. Weka nyama, usiiguse hadi chini iwe kahawia, igeuze, kisha ikate kwa mkasi vipande vya kuenea mdomoni. Kosa kubwa ni kujaza kikaango: joto hushuka, maji hutoka, nyama inachemka badala ya kuchomeka. Kikaango kiiname kidogo ili mafuta yateremke, na kimchi, yaani kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili, ikae upande wa chini ikaangike humo humo. Hapo ndipo penye utamu wote!

Kwa bulgogi, yaani nyama ya kulowekwa viungo kabla ya kuchomwa, nusu kilo ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana: vijiko vikubwa 4 vya sosi ya soya, 2 vya sukari, 1 cha mafuta ya ufuta, kitunguu saumu na nusu peasi iliyokunwa, inayolainisha nyama. Kuiloweka saa moja kunatosha. Sukari huungua upesi, kwa hiyo punguza moto.

Na koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva.