Skrubu ya pili ndiyo iliyoshika

Mimi ni mwashi. Zaidi ya miaka 30 kazi yangu ni nyumba kongwe za Mji Mkongwe hapa Unguja: kuta za mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Naanza na hilo kwa sababu habari ya jino langu niliielewa kwa njia ya ukuta, na bila ya ukuta nisingeielewa.

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilioza hadi mzizini likang'olewa. Pengo moja tu, nikalidharau. Baada ya mwaka nikawa natafuna upande wa kushoto peke yake, taya linaniuma kila jioni, na pweza nimemwacha kabisa. Binti yangu aliyeolewa Dar es Salaam akanipigia simu: "Baba, vuka huku wakupandikize jino." Nikapanda boti.

Huko nilichomwa ganzi, mfupa ukatobolewa, ikatiwa skrubu ya titaniamu, aina ya chuma, iwe mzizi wa jino bandia. Haikufika saa moja. Hakuna aliyeniuliza kama nina sukari. Nami ninayo, mwaka wa saba sasa, na sikusema, maana nilidhani sukari ni habari ya figo na macho. Kwenye jino inaingia wapi? Niliambiwa nisitafune kitu kigumu upande ule kwa miezi mitatu. Wiki tatu nilishika masharti. Wiki ya nne maumivu hayapo, ufizi umefunga, nikajiona nimepona. Kwa jirani kulikuwa na harusi, nikala nyama kwa pande zote mbili.

Wiki ya sita nikahisi kitu kinacheza mdomoni. Hakikuuma. Kilicheza kama msumari uliolegea kwenye boriti kuukuu. Nikenda kwa daktari wa meno hapahapa mjini, kijana wa kike, umri wake na wa binti yangu mdogo ni mmoja. Akaishika ile skrubu kwa koleo ndogo, akaizungusha kidogo, ikatoka. Haikutaka nguvu.

Niliomba kuiona. Akaniwekea juu ya pamba, bado haijaoshwa. Ilikuwa imevaa kijingozi chembamba cha rangi ya waridi, kinateleza kama utando wa ndani ya gamba la yai. "Hiki, ami, ndicho kilichokaa baina ya chuma na mfupa," alisema. "Mfupa wenyewe haukufika."

Kitu kile nakijua. Fundi yeyote aliyewahi kubandua lipu iliyovimba anakijua. Ukuta upo, lipu ipo, na katikati yao pana uwazi. Kwa mbali inaonekana nzima. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia bo, bo, tupu. Basi nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wangu wa kazi: "Mwanangu, uso wa hii skrubu uliparuzwa kabla ya kutiwa? Maana ukuta laini haushiki lipu."

Aliniangalia, akavuta kiti, akakaa. Nadhani alikuwa hajaulizwa hivyo.

Alianzia mbali. Huko Uswidi, mwaka 1952, mtafiti anayeitwa Per-Ingvar Brånemark alikuwa akiangalia damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa vifaa vidogo vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa vikakataa. Mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Mwaka 1965 akampandikiza mtu wa kwanza, Gösta Larsson, mjini Gothenburg, na yule bwana akaishi na skrubu zake mpaka alipofariki mwaka 2006. Skrubu za zama zile zilichongwa kwa mashine zikaachwa hivyohivyo, uso wake karibu laini. Na zilishika. Lakini zilitaka subira: miezi 3 au 4 kwa taya la chini, miezi 6 kwa taya la juu ambalo mfupa wake ni wa sponji zaidi. Penye mfupa dhaifu ndipo zilipoangusha watu.

Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa skrubu ya kuonyeshea wagonjwa, na kioo cha kukuzia. Ncha ya juu, shingo yake, inang'ara kama kijiko kipya. Kutoka hapo kwenda chini rangi inakufa, inakuwa kijivu kavu, kama chokaa iliyokauka siku mbili. Nilipitisha ukucha. Shingoni uliteleza, chini ukakwama, kwa udogo sana, lakini ukakwama. Mkono wangu unajua tofauti hiyo hata gizani.

Ule ukijivu hutengenezwa. Skrubu hupulizwa chembe ngumu kwa nguvu ya hewa, kama tunavyopuliza mchanga kwenye chuma chenye kutu. Hapo vinabaki vishimo. Halafu inachovywa kwenye asidi kali, na asidi inachimba vishimo vidogo zaidi ndani ya vile vikubwa. Ukwaruzo wanaoupenda ni wa mikroni 1 hadi 2, na mikroni 1 ni milimita moja ukiigawa mafungu 1,000. Kuna viwanda vinavyotumia umeme ndani ya maji ya kemikali kuunenepesha utando wa oksidi ulioko juu ya titaniamu, ukawa na vitundu. Na zamani walikuwako waliopaka juu yake tabaka nene la madini yanayofanana na ya mfupa. Mfupa uliyapenda haraka, ila baadhi ya matabaka yale yalibanduka baada ya miaka. Hilo la mwisho halikunishangaza hata kidogo. Nimeona saruji ikipakwa juu ya kuta kongwe za chokaa na matumbawe, inapendeza miaka miwili mitatu, kisha inavimba na kuanguka na nusu ya ukuta. Mimi fundi siku zote nitamwamini zaidi anayeugogota ukuta wenyewe kwa patasi kuliko anayeubandika kitu juu.

Lakini sababu ya skrubu kukwaruzwa haifanani na ya ukuta moja kwa moja, na hapa ndipo nilipojifunza. Lipu inashika kwa kuingia vishimoni. Mfupa ni kitu hai, lazima uje. Daktari alinichorea kwenye karatasi: tundu likishatobolewa na skrubu ikikaa, pale kati panajaa damu, damu inaganda, na lile donge lina nyuzinyuzi kama wavu. Seli zinazojenga mfupa hutembea juu ya nyuzi hizo kuifuata skrubu, na zinapotembea zinazivuta. Uso ukiwa laini nyuzi zinachomoka, seli hazifiki, basi mfupa unaanza upande wa ukuta wa tundu tu na kusogea polepole kuja kwenye chuma. Uso ukiwa na vishimo nyuzi zinang'ang'ania, seli zinafika, na mfupa unajengwa pande mbili kwa wakati mmoja: kutoka ukutani kuja, na kutoka kwenye skrubu kwenda. Ndiyo maana muda umepungua. Kwa mfupa mzuri na mtu mzima wa afya, wiki 6 hadi 8 zinaweza kutosha.

Akaongeza la maji. Titaniamu ikikaa sana hewani uso wake unakuwa unayakimbia maji, damu haiuenei vizuri. Zipo skrubu zinazohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi tangu kiwandani hadi dakika ya kutiwa, ili damu iuvamie uso mara moja. Hapo sikuhitaji mchoro. Sisi hatupigi lipu ya chokaa kwenye ukuta mkavu. Tunaumwagia maji kwanza, mara mbili, mara tatu, ama sivyo unainyonya chokaa maji yake na haishiki.

"Basi yangu ilikuwa laini?" nikauliza.

"La, ami. Yako imekwaruzwa vizuri. Tazama." Akaisuuza, akaiweka karibu na ile nyengine. Kijivu kilekile.

Nakumbuka nilivyojisikia. Nilitaka kosa liwe la skrubu. Akanieleza bila ya kunilaumu. Skrubu siku ya kwanza inashika kwa kubanwa tu, kama kabari. Halafu mwili unaanza kuula ule mfupa wa kando uliojeruhiwa ili ujenge mpya, na kwa muda fulani, karibu wiki ya tatu na ya nne, mshiko wa zamani umepungua na mpya haujakomaa; mshiko unashuka kama bonde. Uso uliokwaruzwa unalipunguza bonde hilo, haulifuti. Mimi niliitafunia nyama ndani ya bonde hilohilo. Na mfupa wangu ulikuwa unajenga polepole kuliko wa mwengine, kwa sababu sukari ikiwa juu damu haifiki vizuri kwenye mishipa midogo, seli za kujenga zinalegea, na vidonda vinakawia. Akanipima wastani wa sukari yangu wa miezi mitatu iliyopita. Ikasoma asilimia 9.4, juu mno.

"Hapa sitii kitu," alisema. "Kwanza ukuta wako, ami, unyevu utoke."

Tulisubiri miezi mitano. Ilikuwa mirefu. Dawa zangu nilimkabidhi mke wangu, ananipa asubuhi na usiku mbele ya macho yake. Chai ya rangi bila ya sukari ilinishinda wiki ya kwanza, ya pili nikaizoea. Hadi leo nikinywa ya sukari naiona nzito. Boflo mbili za asubuhi zikawa nusu, na samaki akaongezeka. Haluwa niliiacha hata Sikukuu. Kutoka Miembeni hadi kazini nikawa nakwenda kwa miguu, kupitia Darajani, kwenda na kurudi. Kila asubuhi kabla ya kula natoboa kidole, mjukuu wangu anayesoma skuli anaandika kwenye daftari lake la hesabu. Kipimo cha pili kilisoma 7.1. Daktari akasema, "Sasa twende."

Mara hii nilikuwa macho na kila kitu. Alitoboa polepole, anapumzika, anatoboa, na maji baridi ya chumvi yanamwagika juu ya keekee muda wote. Nilipomuuliza baadaye akasema mfupa ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kuumia, na mfupa uliokufa hauwezi kushika uso wowote, hata ukwaruzwe vipi. Skrubu ya milimita 10 aliitoa kwenye kichupa cha maji mbele yangu. Hakuigusa kwa kidole. Nilipoiona inapokaribia, damu ilipanda juu yake yenyewe, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Aliikaza kwa spana ndogo yenye kipimo.

Kisha akapachika juu yake kijiti kidogo na kukielekezea kifaa bila ya kukigusa. Kinapima namna skrubu inavyotetema na kutoa namba, kutoka 1 hadi 100; namba ikipanda, mshiko umezidi. Siku ile ilisoma 68, akakitoa kijiti, akaifunika skrubu kwa kifuniko, akashona. Wiki ya nne ikasoma 63.

Nilishtuka nikadhani ndiyo yale yale. "Hilo ndilo bonde, ami. Nililitarajia. Tulia." Nikatulia. Uji, mchuzi wa samaki, ndizi za nazi zilizopikwa hadi kulainika, muhogo wa kuchemsha, vyote kwa kushoto. Kusukutua kwa maji ya chumvi baada ya kila mlo, na dawa aliyonipa. Mswaki laini kando ya ufizi, bila ya kugusa mshono siku za mwanzo. Mwaliko wa harusi nilikwenda, nikakaa, nikanywa sherbeti isiyo na sukari, nikarudi.

Wiki ya nane 70. Wiki ya kumi na mbili 75. Alingojea wiki kumi na mbili kwa ajili ya sukari yangu, ingawa uso wa skrubu ungeruhusu mapema, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa yote. Akachukua kioo chake, akageuza mpini, akaigonga. Iliita ti, kavu na kali. Nikanyoosha mkono ili arudie, akarudia.

Jino bandia la kukaa juu ya skrubu liliwekwa baada ya hapo. Limepita mwaka. Akanionya jambo moja, nami nalizingatia: vishimo vinavyowafaa wajenzi wa mfupa vinawafaa na vijidudu. Ufizi ukirudi nyuma sehemu ya kijivu ikawa wazi, uchafu unaingia humo na kuutoa ni kazi ngumu, na mfupa unaanza kuliwa kutoka juu. Kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala napitisha kijibrashi chembamba chini ya jino lile, pande zote mbili, na kila baada ya miezi 6 naenda akaliangalie.

Ijumaa iliyopita nyumbani kulipikwa pweza wa nazi. Mke wangu bado anamkata vipande vidogovidogo, kwa mazoea ya miaka ile. Nikamwomba safari hii mkia aniwekee mzima.