Siku yangu matopeni, daraja la Mteza

Siku hizi magari yanapita daraja la Mteza, karibu na Mombasa, bila hata kupunguza mwendo. Hii ni siku moja ya wakati tulipokuwa tukilijenga.

Saa kumi na moja alfajiri. Miritini bado giza, na lori la wafanyakazi halingoji mtu. Nikisema nafanya kazi barabara ya Dongo Kundu, ile ya kwenda pwani ya kusini bila kupanda feri, watu huuliza kama naendesha greda. Nikisema niko upande wa mazingira: "Aah, kupanda miti." Miti nimepanda, sikatai. Lakini siku nyingi kazi yangu ni tope.

Saa moja hadi saa nne: kukagua pazia la turubai linalozuia tope lisisambae majini, kupima maji, kujaza fomu, mahamri mawili na chai.

Saa nne na nusu. Ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida; sasa yamekupwa mbali, na mizizi ya michu, aina ya mikoko, imechomoza matopeni kama penseli. Hizo ndizo pua za mti. Zifukie kwa udongo wa barabara, mti haufi leo. Unakauka taratibu, wewe umeshalipwa na umeondoka.

Saa tano na nusu siku ikaharibika. Dereva wa gari la zege, mgeni wa kukodiwa, amemaliza kumimina na anarudi kinyumenyume kuelekea mikokoni, mpira wa maji mkononi mwa utingo wake. Maji ya kuoshea zege yana ukali wa saruji, yanababua ngozi ya mtu, sembuse kaa.

"Kaka, si hapa. Shimo la kuoshea liko kule nyuma."

"Kule kuna magari manne, dada. Zege likiganda kwenye ngoma utalipa wewe?"

Foleni ilikuwepo kweli. Nikasimama nyuma ya gari. Akapiga honi. Nikabaki. Foromani akaja, akanitazama kana kwamba daraja limechelewa kwa sababu yangu. Mzee mmoja wa Tsunza, wavu begani, alisimama kuangalia. Nikamwamkia, nikidhani nimepata wa kuniunga mkono.

"Nyinyi nyote ni wamoja," akasema, akaenda zake.

Dakika arubaini juani. Mwishowe dereva akaondoka kwenda shimoni, akanirushia tope mpaka shingoni.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Maji yalijaa kwa kasi, kamba ya pazia ikafunguka, tukaivuta kutoka kwenye mashua hadi viganja vikachubuka. Juu yetu daraja, mita 1,440 likiisha. Nililitaka kuliko wengi: nimewahi kukwama foleni ya feri Likoni usiku, mtoto ana homa mgongoni.

Usiku mvua ikaanza kupiga mabati. Nikampigia mlinzi.

"Kamba ya upande wa Tsunza umeifunga?"

"Mara mbili. Lakini helmeti yako umeisahau mashuani."