Soli namba nane zilizorudi saba

Shiti ya sponji ikishaiva, presi hufunguka kwa mshindo na shiti huruka nje, ikifura papo hapo mpaka kuizidi moldi iliyotokea. Nachanganya malighafi za ndala hapa Dar es Salaam, na mshindo ule ndio ulikuwa kipimo changu: shiti ikiruka vizuri, mzigo ni mzima.

Wiki ile ziliruka vizuri. Siku ya tatu, soli tulizokata namba nane zilikuwa zimesinyaa hadi saba. Ukizibonyeza, kidole kinaacha shimo. Ukivuta kikanda, kichwa chake kinapenya tundu na kuchomoka. Ndala ya hivyo huwezi kumuuzia mtu atakayetembea nayo kutwa nzima.

Nikashuku dawa ya kuumulia, ule unga wa njano wa azodikabonamidi. Nikaupunguza. Nikaongeza peroksidi, inayofunga minyororo ya plastiki pamoja. Soli zikakaza kidogo, ila zikikunjwa zinachanika. Nilipoteza siku mbili hapo.

Mzee anayeendesha roli, mashine ya kukandia mchanganyiko, ndiye aliyenigutusha. "Mwanangu, dawa unaisingizia bure. Hii kitu inanata kwenye roli tangu Jumatatu. Mfuko umeusoma?"

Nikaenda stoo. Punje zilikuwa zimegandamana mfukoni kama tende, kwa joto la Desemba tu. Mfuko uliandikwa EVA, plastiki tunayotengenezea sponji, kama siku zote, lakini asilimia ya vinili aseteti ilikuwa 28. Yetu ni 18.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. EVA ni kopolima: mnyororo wa ethilini uliochomekwa vinili aseteti hapa na pale. Ethilini peke yake hujipanga na kutengeneza fuwele, na fuwele ndizo zinazoipa plastiki ugumu. Kila penye aseteti, mpangilio unavurugika. Ndiyo maana polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, EVA ya 18 chini kidogo ya 90, na ya 28 karibu na 70 tu. Ikifika 40 inakaribia kuwa mpira. Kwa hiyo kuta za vitundu vya sponji yangu zilikuwa laini mno: gesi ilipotoka na shiti kupoa, hazikuwa na nguvu ya kujishikilia. Hapo dawa haina kosa lolote.

Mifuko ilishanunuliwa, hairudishwi. Kwanza nilichanganya na polithini laini, kilo 64 za EVA kwa 36, ili wastani urudi 18. Hesabu ilikubali, sponji ikakataa. Polithini haina aseteti kabisa, na hizi mbili hazishikani vizuri. Soli ikikunjwa inaacha mstari mweupe. Tena inadai roli za moto zaidi, na roli zikizidi moto peroksidi inaanza kazi kabla ya kufika kwenye presi, unapata mabonge.

Kilichofaa ni EVA ya 14, mifuko saba kwa mitatu ya 28. Wastani ni 18.2, na kwa kuwa zote mbili ni EVA na asilimia zake hazijaachana sana, ziliingiana. Nilizichanganya kwanza zikiwa za moto hadi zikawa kitu kimoja, nikaacha joto lishuke, ndipo nikatia peroksidi na dawa ya kuumulia mwishoni kabisa.

Shiti nilizilaza siku nne kabla ya kukata. Kisha nikachukua soli mbili, ya mseto mpya na ya ule mzigo ulioharibika, nikaziwekea matofali usiku kucha. Asubuhi ile mbovu ilikuwa na umbo la tofali. Ya mseto ilinyanyuka taratibu tukiitazama, mimi na mzee, na kufika saa nne alama ilikuwa haionekani. Nikachukua chaki nikaandika kwenye mlango wa stoo: 14 mifuko 7, 28 mifuko 3.