Kura niliyopigia ndani, 2010

Niseme tu mapema sikusingiziwa. Nilikuwa karani wa stoo, nikamwibia mwajiri wangu, hakimu akanipa miaka minne, kwa hivyo 2010 Kenya nzima ikizozana juu ya katiba mpya mimi nilikuwa nimevaa kunguru, zile nguo za mistari, nahesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Kura sikuiwaza kabisa. Katiba ya zamani ilikuwa inasema mtu anayetumikia kifungo asisajiliwe, basi, ukishaingia umeingia.

Kumbe ilikuwa inasema hivyo kuhusu uchaguzi, kuhusu kura ya maoni kama hii ya katiba mpya imenyamaza, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wakaliona hilo pengo wakaenda nalo kortini, na mwezi wa 6 mahakama ikaamua wafungwa waandikishwe wapige. Sisi tulisikia kwa redio ya afande mmoja pale dirishani, nusu ya wadi ikacheka ikidhani ni mzaha.

Nakala ya ile rasimu ya katiba ilikuwa moja tu, imekwisha kona kwa kushikwashikwa. Huko nje watu walikuwa wanapigania mahakama za kadhi na mambo ya kutoa mimba, ndani hakuna aliyejali hayo. Wa rumande walikuwa wanakariri kifungu cha 49 kama sala, manake ilikuwa inafungua dhamana hata kwa kesi za wizi wa mabavu, ambazo zamani unakaa tu ndani hadi kesi iishe. Na Mzee, tuliyekuwa tunalala mikeka ikigusana, alikuwa na yake, 50(6). Huyu alikuwa wa kitanzi hadi 2009 Rais Kibaki alipobadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa maisha, rufaa zake zimeisha zote, alafu shahidi mmoja baadaye akaenda kukiri kwa watu kwamba alidanganya. Hiyo 50(6) inasema ukipata ushahidi mpya wa maana unaweza kuomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya. Alinisomesha hicho kifungu mara sijui ngapi, ananishika mkono, "Kijana, hapa, soma hapa tena polepole."

Shida ikawa kitambulisho. Bila kitambulisho huandikishwi, na wengi wetu vilibaki vituo vya polisi siku ya kushikwa na havikuonekana tena. Cha Mzee kilipotelea huko. Aliandika barua mbili, afisa wa welfea akapiga simu, hakuna kitu, na makarani wa tume ya uchaguzi walikuja siku chache tu wakafunga vitabu wakaenda. Mimi changu kilikuwa nyumbani. Mama alikileta siku ya kutembelewa, amekifunga kwenye kona ya leso na fundo gumu hadi akalifungua kwa meno, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa na hiki si ndo wanakuachilia?" Nikamweleza ni ya kura. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema, "Basi upige La, kanisani tumeambiwa La."

Tarehe 4 mwezi wa 8 tulichuchumaa foleni uani tangu alfajiri. Hakuna aliyesukumana, na hao ni watu wanaopigana kwa ajili ya kipande cha sabuni. Mzee alikuwa amekaa kando na ndoo yake anafua, hakuniangalia ila nilipomkaribia alisema bila kuinua kichwa, "Kijani."

Pale kwa pazia nilisimama muda mrefu kushinda inavyohitajika, karani hata akakohoa. Karatasi ina kijani ya Ndio na nyekundu ya La tu, kitu cha sekunde 2. Mama upande huu na Mzee upande ule, na kusema kweli mimi mwenyewe sikuwa na upande, kifungo changu kilikuwa kinaisha katiba iwe mpya au ya zamani. Nikapiga kijani. Nikachovya kidole nikatoka nikiwa na jasho kama niliyeiba tena.

Ndio ilishinda kwa karibu asilimia 67. Mzee alijua kabla ya redio, alinisoma usoni akarudi kufua. Ile mpya yenyewe, nilikuja kusoma baadaye, kifungu cha 83 kinamzuia kuandikishwa mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5, wizi wa stoo haumo. Hata hivyo uchaguzi wa 2013 wafungwa hawakupiga, walipiga 2017, na ilikuwa ya rais peke yake.

Mama alirudi baada ya wiki mbili hivi. Wino ulikuwa umebaki kwenye mzizi wa ukucha tu, akanishika kidole akakigeuzageuza.

"Ulipiga?"

"Nilipiga, mama."

Rangi hakuuliza. Akafungua leso, akarudisha kitambulisho ndani, akapiga lile fundo lake.

"Sasa wanakuachilia lini?"