Na huyu niliye naye?

Jana mimi na dada tulipanda matatu Kondele, hapa Kisumu, tumetoka wodini kumwona mwanawe. Ana miaka 6, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ikiingia tu, mifupa inamuuma mpaka analia bila sauti. Dada na shemeji kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa huo bila kuugua (hiyo moja hukinga malaria kali, ndiyo maana imejaa huku ziwani), kwa hiyo kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuupata. Hawakujua mpaka mtoto alipovimba vidole.

Nikamwambia siku hizi mimba hutungwa maabara, viinitete (mimba changa kabisa) vikapimwa, chenye selimundu hakipandikizwi. Akauliza bei. Tukacheka, kicheko cha watu wasio na pesa. Kisha: "Na huyu niliye naye, angechujwa?"

Nilinyamaza mpaka Kibuye.

Bado naona kupima ugonjwa si dhambi. Ila abiria mmoja nyuma alidakia kwamba yeye angechagua mrefu, mweupe. Nilimkata jicho! Mwenyewe mfupi kama mimi.

Dada akashuka kununua zile ndizi ndogo tamu. Mtoto alikuwa ameziulizia tangu asubuhi.