Daftari Nililolipeleka Chukwani

Mwezi wa Januari 2010 nilipanda meli ya usiku katika bandari ya Wete, Pemba, kwenda Unguja, nikiwa na daftari la skuli nililolizungushia nailoni mara mbili ili lisirowe. Kurasa zilizoandikwa zilikuwa 11. Kila mstari ulikuwa na jina la mtu, mwaka wake wa kuzaliwa au tukio alilolikumbuka mama yake, na sababu aliyopewa aliponyimwa Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Niliandika mimi kwa agizo la wazee wa barza yetu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na hati yangu ilisomeka, na wazee hao hao ndio waliochangishana nauli ili nimfikishie Mwakilishi wetu daftari lile mkononi kabla swali lake halijafika katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, huko Chukwani.

Sheria ya kuwasajili Wazanzibari wakaazi ilitungwa mwaka 2005, na sioni kwamba kumpa mwananchi kitambulisho ni jambo baya. Ubaya uliingia pale kitambulisho kilipofanywa sharti la kuandikishwa kuwa mpiga kura, kwani tangu hapo karatasi ya ukaazi ikawa ndiyo kura yenyewe, na mtu wa kwanza kuitia mkono au kuikataa akawa sheha, yaani kiongozi wa mtaa au kijiji, ambaye huteuliwa na Serikali wala hachaguliwi na wanakijiji. Uandikishaji ulipoanza Pemba katikati ya mwaka 2009, watu wengi walirudishwa kwa kukosa kitambulisho, kukatokea vurugu, na kazi ikabidi isimamishwe kwa muda. Kwa sisi tuliokuwa kisiwa ambacho mwaka 1995 kiliwapa upinzani viti vyote 21 vya majimbo yake, ilikuwa vigumu kuamini kwamba watu hawa wote walikosa karatasi kwa bahati mbaya tu.

Nilipokuwa nikiandika daftari lile, sababu zilizotolewa ziliniumiza kuliko idadi ya majina. Wavuvi waliokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, miezi michache upande wa Mtwara waliambiwa kwamba wao si wakaazi tena, ingawa wake zao na watoto wao hawakutoka kijijini hata siku moja. Kijana mmoja niliyemsomesha mwenyewe alileta cheti cha kuzaliwa, akaambiwa jina la babu yake limeandikwa vingine katika cheti cha skuli. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kulala nje ya Pemba isipokuwa siku alizompeleka mwanawe hospitali Unguja, aliambiwa alete uthibitisho kwamba alizaliwa pale. Yeye alizaliwa mwaka ulioanza Vita Vikuu vya Pili, ndani ya kibanda cha makuti, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Nilipomuuliza niandike nini katika safu ya ushahidi, alifikiri kidogo kisha akasema, "Andika kwamba mkunga wangu ameshakufa, na waliomjua mkunga wangu nao wameshakufa." Nikaandika hivyo hivyo alivyosema.

Tulifika bandari ya Malindi, Unguja, alfajiri, mji ukiwa kizani. Umeme unaokuja Unguja kwa waya wa baharini ulikatika Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi, kwa hiyo nilikuta majenereta yananguruma mbele ya maduka ya Darajani, na watoto wamejipanga na madumu kwenye visima kwa kuwa pampu za maji zilikuwa zimesimama. Nilifikia kwa shangazi yangu Magomeni. Jioni ile Mwakilishi wetu alikuja mwenyewe kulichukua daftari, akakaa kwenye jamvi, akalisoma lote kwa mwanga wa kandili bila kuruka ukurasa, akawa ananiuliza mtu mmoja mmoja: huyu ni mtoto wa nani, anakaa upande gani wa msikiti, sheha alimwambia maneno gani hasa. Alipofika kwenye mstari wa bibi alisita, akarudia kuusoma kimya kimya, kisha akakunja pembe ya ukurasa.

Siku ya swali nilivaa kanzu na kofia, nikapanda gari ya Chukwani mapema sana, nikakaguliwa getini, na kabla ya saa 3:00 nilikuwa nimekwisha kukaa sehemu ya wageni. Sikuwahi kuingia humo kabla. Spika alisoma dua, wajumbe wote wamesimama, wa chama tawala na wa upinzani, wameinamisha vichwa kama wafanyavyo watu msikitini, na mimi nikajikuta naitikia amina kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Ukumbi ulikuwa na mwanga wa jenereta.

Maswali yaliyotangulia yalikuwa ya barabara na maji, nayo yalipita upesi. Ilipofika zamu yake, Mwakilishi wetu alisimama na kuliuliza swali kama lilivyoandikwa: ni wananchi wangapi wa jimbo lake walioomba vitambulisho na hawakupewa, na kwa sababu gani. Waziri alijibu kwa kusoma karatasi. Jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba kila mwenye sifa amepewa, na kwamba asiyepewa bila shaka hajatimiza masharti, hivyo anashauriwa ayatimize. Wajumbe wa upande wake walipiga meza. Mikono yangu ilianza kutetemeka, kwa sababu nilijua daftari liko mbele ya Mwakilishi wetu juu ya meza, na nilisubiri alifungue, aanze ukurasa wa kwanza, asome majina yote mpaka la mwisho, ili kila aliyepiga meza ayasikie.

Hakulifungua. Alisimama kwa swali la nyongeza, akasubiri ukumbi utulie, akasema kwa sauti ile ile ya taratibu aliyoitumia kwenye jamvi la shangazi: "Mheshimiwa Spika, mzee aliyezaliwa kabla usajili haujafika kijijini kwake, mkunga aliyempokea ameshakufa, na waliomjua mkunga huyo nao wameshakufa, Serikali inamtaka aende kwa nani akathibitishiwe kwamba amezaliwa?"

Hakuna aliyepiga meza. Katika viti vya mbele vya chama tawala alikuwapo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe ambaye tangu asubuhi alikuwa ameegemea kiti kama aliyesinzia. Aliinua kichwa, akamtazama Waziri, akawa anangoja jibu kama mimi nilivyongoja. Waziri alisimama bila karatasi. Alisema kwamba wazee wa namna hiyo wanastahili kusaidiwa, kwamba ushahidi wa majirani ungeweza kuzingatiwa, na akamtaka Mheshimiwa ampelekee majina. Mwakilishi wetu akajibu kwamba majina anayo na atayakabidhi kwa utaratibu unaofaa, akashukuru, akakaa. Swali lililofuata lilikuwa la madawati.

Sitaficha kwamba nilitoka mle na hasira. Nilisafiri usiku kucha, nimebeba majina ya watu waliodhulumiwa, na hakuna hata moja lililotamkwa. Nilimngojea nje kivulini, na alipotoka nilimwambia, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba wazee watauliza kwa nini amenyamaza.

"Sikunyamaza, mwalimu," aliniambia. "Jina la mtu likiingia kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza halitoki tena. Mimi nikishalitaja, usiku nalala hapa Unguja, lakini bibi yako analala mlango wa tatu kutoka kwa sheha. Na huyo sheha atasoma, au atasomewa." Akaniambia pia jambo ambalo nimelifikiri mara nyingi tangu siku ile: kwamba upande wetu ni wachache, na kura ikipigwa tutashindwa, kwa hiyo kazi yake ni kuuliza swali ambalo hata mtu wa upande wa pili atataka kusikia jibu lake. Kuwatukana, alisema, kungewapa nafasi ya kujibu matusi na kuliacha swali. Kisha akanionyesha daftari, likiwa limefungwa tena kwa nailoni yangu ile ile, akaingia ndani kwa Waziri pamoja nalo.

Nilimwelewa, ingawa sikuridhika siku ile ile. Kwetu sisi Januari si mwezi mwepesi, kwa sababu ya tarehe 26 na 27 za mwaka 2001, watu walipopigwa risasi katika maandamano na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa waliovuka. Nadhani nilikwenda Chukwani nikitaka mtu apaze sauti kwa ajili ya hayo yote kwa pamoja, na swali la nyongeza la nusu dakika lilikuwa dogo mno kuyabeba. Nilikwisha kurudi Pemba niliposikia katika taarifa ya habari kwamba mwisho wa mwezi ule ule Baraza limepitisha hoja binafsi ya Kiongozi wa Upinzani, Abubakar Khamis Bakary, ya kuunga mkono maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha CUF, na kufungua njia ya kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wajumbe wa pande zote mbili waliiunga mkono. Nilimfikiria yule mzee wa ndevu nyeupe.

Barzani niliwaeleza wazee kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na jibu la kwanza la Waziri na la pili, na wapo waliotikisa kichwa kwa kukata tamaa. Baada ya magharibi nikaenda kwa bibi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuacha kazi yake, akaniuliza swali moja tu: "Alinitaja?"

Nikamwambia hakumtaja jina. Nikamtolea swali la nyongeza neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimelihifadhi melini: mkunga ameshakufa, na waliomjua mkunga nao wameshakufa, mzee huyu aende kwa nani. Akasimamisha ungo.

"Basi huyo ni mimi," alisema.

Kitambulisho chake kilitoka miezi michache baadaye, baada ya majirani wawili kwenda kumtolea ushahidi, pamoja na vya wengi waliokuwamo daftarini, ingawa si wote. Kwa wavuvi wa dago ilitubidi tuandike tena na tena. Tarehe 31 Julai 2010, siku ya kura ya maoni, nilimsindikiza bibi kituoni asubuhi mapema. Alikuwa amekifunga kitambulisho kwenye pindo la kanga kwa fundo zito, na alipofika mbele ya karani fundo likagoma kufunguka. Karani, kijana wa rika la wanafunzi wangu, alimwambia asiwe na haraka, akangoja mpaka alipolifungua mwenyewe.